Kuyaendea Mahekalu ya Angkor kwa Njia ya Maji

Ukikusudia kwenda Kambodia kuyaona mahekalu ya kale ya Wakhmer, yaliyosimama msituni kaskazini ya mji wa Siem Reap, utakuta kwamba wageni walio wengi huifuata ratiba moja: huamka alfajiri wakatazame jua likichomoza nyuma ya minara ya Angkor Wat, huzunguka magofu mawili matatu kabla ya adhuhuri, kisha, ikiwa nafasi imebaki, hupanda mashua kwenda kuviona vijiji vya wavuvi, kana kwamba ziwa ni tafrija ya kupumzisha miguu iliyochoshwa na ngazi. Mimi nakushauri uipindue ratiba hiyo, maji yatangulie na mawe yafuate. Kwa kuwa mji wa Angkor, uliokuwa makao ya wafalme tangu karne ya 9 hata karne ya 15, ulipata kitoweo chake katika ziwa la Tonle Sap, ulipata maji ya mashamba katika mito iteremkayo kutoka vilima vya Kulen, na hata mawe yake yalichimbwa chini ya vilima hivyo, na yamkini mengi yakaletwa kwa mifereji. Mtu aliyekwisha kukaa nusu siku kijijini huyatazama mahekalu kwa macho mengine.

Jambo la kwanza ni kuchagua majira. Pepo zile zile za kusi tuzijuazo katika Bahari ya Hindi ndizo ziletazo mvua Kambodia, kuanzia Mei hata Oktoba, na katika miezi hiyo mto Mekong hufura kiasi cha kuulazimisha mto Tonle Sap, ambao wakati wa kiangazi huteremka kutoka ziwani kuelekea Phnom Penh, ugeuke na kurudi ulikotoka, ukayamimina maji ndani ya ziwa badala ya kuyatoa. Ziwa ambalo katika kiangazi lina eneo la takriban kilomita za mraba 2,500, na kina ambacho mtu mrefu angeweza kusimama, hutanuka mpaka likakaribia kilomita za mraba 15,000 mwaka wa maji mengi. Miti huzama hata matawini, na samaki huingia msituni kula na kukua. Mwezi wa Novemba, maji yaanzapo kurudi, Wakhmer hufanya sikukuu yao ya maji, Bon Om Touk, kwa mashindano ya makasia. Basi nenda baina ya mwisho wa Novemba na katikati ya Januari, ambapo mvua imekwisha, joto linavumilika, na ziwa bado limejaa. Mwezi wa Aprili ni wa kuepukwa na kila asiye na shughuli ya lazima, kwa sababu jua lake halina huruma na mashua hukwama matopeni. Asiyeogopa kulowa, walakini, atapata katika Septemba na Oktoba watu wachache, mahandaki yaliyojaa, na mawe yaliyovaa kuvu la kijani lisiloonekana wakati mwingine wowote.

Juu ya hati na fedha sitarefusha maneno. Viza ya utalii huombwa kwa intaneti katika tovuti ya serikali yenyewe, na atokaye nchi zenye homa ya manjano achukue cheti chake cha chanjo pamoja na pasipoti. Uwanja mpya wa ndege, uliofunguliwa mwaka wa 2023, uko mbali na mji, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, basi mwulize mwenye hoteli habari za kupokewa kabla hujaondoka kwenu. Dola ya Marekani hupokewa mahali pote, na chenji hurudishwa kwa riel, kama riel 4,000 kwa dola moja. Ila noti iliyochanika pembeni, hata kama mpasuko wake ni wa kutafutwa kwa miwani, hukataliwa bila ya mjadala, kwa hiyo zikague noti zako ungali kwenu.

Tiketi ya kuingia katika eneo la Angkor ni dola 37 kwa siku moja, dola 62 kwa siku tatu, na dola 72 kwa siku saba, nayo huuzwa katika ofisi maalumu iliyo nje kidogo ya mji, au katika tovuti ya ofisi hiyo. Huko hupigwa picha, ikachapwa juu ya tiketi, ili isiazimwe wala kuuzwa kwa mwingine. Si bei ndogo kwa mtu wa kwetu. Lakini akubaliye kulipa nauli ya kuvuka bahari kisha akanunua tiketi ya siku moja amejidhulumu mwenyewe. Ile ya siku tatu ndiyo ya kadiri, na siku zake hazilazimu kufuatana, kwa kuwa unaruhusiwa kuzitumia ndani ya siku 10. Ukiinunua baada ya saa 11 jioni huhesabiwa kuanzia kesho yake, na jioni ile ile waweza kuingia kutazama machweo bila ya kuipunguza.

Mavazi yafunike mabega na magoti, kwa maana mahekalu haya yangali mahali pa ibada, na watawa wa Kibuddha wenye mashuka ya rangi ya zafarani utawakuta wakitia ubani mbele ya sanamu zisizo na vichwa. Kanga au kikoi kitakufaa sana kiunoni. Walakini ukitaka kupanda ghorofa ya juu kabisa ya Angkor Wat, kanga iliyotupiwa mabegani huenda isikubaliwe na walinzi, basi vaa nguo yenye mikono. Chombo cha kukuzungusha ni remork, kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na pikipiki, ambacho aliyezoea bajaji hatakionea ugeni. Patana na dereva bei ya siku nzima na mahali mtakapofika, tena patana naye mapema, kwani bei ya mahekalu ya karibu si bei ya mahekalu ya mbali.

Siku ya kwanza elekea kusini-mashariki, kwenye magofu ya Roluos, yaliyo safari fupi kutoka mjini. Hapa ndipo ulipokuwa mji mkuu kabla ya Angkor, na hapa utaliona hekalu la Bakong, lililowekwa wakfu mwaka wa 881, ambalo ni mlima wa mawe wenye madaraja matano, umezungukwa na handaki la maji. Umbo hili la mlima kati na maji kandokando, likiwa mfano wa mlima Meru na bahari zinazouzunguka katika itikadi ya Kihindu, ndilo lililorudiwa na kukuzwa na wafalme waliofuata kwa muda wa karne tatu. Karibu na hapo liko hekalu dogo la Lolei, la mwaka wa 893, ambalo wageni wengi hulipita. Usilipite. Lilijengwa juu ya kisiwa katikati ya lambo kubwa lililochimbwa kwa amri ya wafalme, na leo ukisimama kwenye ngazi zake utaona mashamba ya mpunga pande zote, kwa sababu lambo limekauka na kisiwa kimebaki kilima. Utafahamu papo hapo, bila ya kuelezwa na kitabu, ukubwa wa kazi ya kuyakusanya maji iliyofanywa na watu wale.

Kutoka Roluos barabara hushuka mpaka ziwani, kwenye kijiji cha Kampong Phluk, ambacho nyumba zake zimesimama juu ya nguzo ndefu kiasi cha minazi michanga. Wakati wa maji mengi watu hutoka mlangoni wakaingia mtumbwini. Wakati wa kiangazi wenyeji hupanda na kushuka ngazi za mbao, na uchochoro wa chini, uliokuwa mkondo wa maji miezi michache nyuma, hutandikwa mikeka ya kuanikia uduvi, ambao huchambuliwa na akina mama waliochuchumaa wakizungumza, huku watoto wakiwafukuza mbwa. Ukiuangalia ukuta wa nyumba kwa makini utauona mstari wa tope lililokauka, alama ya kimo kilichofikiwa na maji. Chini ya sakafu za vipande vya mianzi huning'inizwa madema na nyavu, na pengine utakuta kizimba cha nguruwe au cha kuku kikielea. Harufu itakayokupokea ni ya prahok, samaki waliopondwa, wakatiwa chumvi na kuachwa wachachuke, ambao kwa Mkhmer ni kiungo cha kila chungu. Usizibe pua mbele ya watu, maana ndiyo riziki yao.

Vijiji hivi si vya namna moja, na uchaguzi wako utategemea wakati ulio nao. Chong Khneas kiko karibu zaidi na mjini, nyumba zake zinaelea na kuhamishwa kwa kadiri ya maji, lakini kimezidiwa na wageni. Kampong Khleang, kilicho mbali zaidi upande wa mashariki, ndicho kikubwa kuliko vyote vya nyumba za nguzo, na watu wake wana shughuli nyingi za uvuvi na ukaushaji samaki hata hawana haja ya kukukodolea macho. Mimi ndicho ningekichagua. Fauka ya hayo, ukifuata barabara kuu namba 6 kupita kidogo njia ya kuelekea huko, utafika Kampong Kdei, lilipo daraja la mawe mekundu la karne ya 12, lenye matao zaidi ya 20 na nyoka wa mawe wenye vichwa vingi kandokando yake, ambalo pikipiki za wanakijiji hupita juu yake mpaka leo.

Lipo onyo moja la kulitilia mkazo. Katika baadhi ya bandari za ziwa hilo imezuka biashara ya kuwapitisha wageni dukani, wakahimizwa kununua gunia la mchele au madaftari kwa bei iliyopanda mara nyingi kuliko ya sokoni, eti kwa ajili ya wanafunzi au mayatima. Na wako wasemao kwamba gunia hilo, mgeni akisha kuondoka, hurudi dukani likamngojee mwingine. Kataa kwa adabu na tabasamu. Kadhalika usikubali kupelekwa kutazama watoto madarasani au katika nyumba za mayatima, jambo ambalo usingeliridhia kwa watoto wako. Ukitaka fedha yako iwafikie wenyeji, kula kwao, nunua samaki kwao, na ulipe mwanamke mwenye mtumbwi akupitishe katika msitu uliozama, ambamo hamna sauti ya injini. Kabla ya kumpiga mtu picha mwoneshe kamera na ungoje ishara yake. Usimguse mtoto kichwani hata kwa mapenzi, maana kichwa kwao kina heshima yake. Na ukisalimiwa kwa viganja vilivyounganishwa kifuani, jibu vivyo hivyo.

Siku ya pili ndiyo ya kwenda Angkor Thom, mji wa Jayavarman VII, mfalme aliyetawazwa mwaka wa 1181, miaka michache baada ya Wacham kutoka mashariki kuushambulia na kuupora mji mkuu. Katikati yake lipo hekalu la Bayon, na kila mtu hukimbilia juu kutazama zile nyuso kubwa za mawe zinazotabasamu minarani. Zitazame, lakini usianze nazo. Ingia upande wa mashariki, geuka kushoto, ufuate ukuta wa nje mpaka upinde kuingia upande wa kusini, na hapo utaviona vita vya ziwani vilivyochongwa: safu za wapiga makasia, Wacham wenye kofia zilizochanua kama ua, maiti wakitumbukia majini na mamba wakiwangoja. Kisha inama, kwa kuwa jambo lenyewe liko chini. Katika mstari wa chini mchongaji ameacha habari za wafalme akachonga watu: mwanamke anayepima bidhaa sokoni, wanaume wamezunguka majogoo wanaopigana, wawili wamekaa mchezoni na ubao baina yao, wapishi wanamtia nguruwe mzima katika chungu, na samaki wanapita baina ya matawi ya miti. Mgeni asiyeliona ziwa hudhani mchongaji alikosea au alifanya mzaha. Wewe uliyetoka Kampong Phluk utatambua kwamba alichonga alichokiona.

Miaka kiasi cha mia baada ya vita vile, mwaka wa 1296, alifika mjini hapo mjumbe wa China, Zhou Daguan, akakaa karibu mwaka mzima, na kitabu chake ndicho maelezo pekee tuliyo nayo ya mtu aliyeuona mji huo ungali hai. Miongoni mwa bidhaa za nchi ametaja pembe za ndovu, vipusa na nta, na miongoni mwa vitu walivyovitamani Wakhmer ametaja vyombo vya kaure vya kijani vya China. Msomaji wa pwani aliyepata kuona vigae vya namna hiyo vilivyofukuliwa Gedi na Kilwa atatabasamu, kwa maana orodha hiyo ingaliweza kuandikwa katika bandari zetu wenyewe.

Wacham nao hawakutoweka. Wazao wao walioingia Kambodia ni Waislamu, walioteswa vibaya sana chini ya utawala wa Khmer Rouge wa 1975 hadi 1979, na wengi wao hata leo ni wavuvi wa mtoni na ziwani. Siem Reap wana msikiti wao, na mitaa inayouzunguka ina mikahawa ya chakula cha halali, ambamo msafiri Mwislamu ataondokewa na wasiwasi wa nguruwe aliyemo katika vyungu vingi vya nchi ile.

Angkor Wat iwekee alasiri. Hekalu hili, lililojengwa na Suryavarman II katika nusu ya kwanza ya karne ya 12 kwa ajili ya Vishnu, linatazama magharibi tofauti na mengi ya wenzake, kwa hiyo asubuhi uso wake huwa gizani na jioni huwaka. Ukishikilia kuja alfajiri, na malango hufunguliwa saa 11, tazama mapambazuko yako pamoja na umati, halafu umati utakapokwenda kunywa chai wewe baki. Au ingia kwa njia ya lango la mashariki, ambalo ni la msituni na tulivu, uone hekalu kwa mgongo wake. Nakshi za kuta zake zisome ukizunguka kinyume cha mwendo wa saa, kuanzia vita vya Kurukshetra upande wa magharibi, kupitia majeshi ya mfalme na adhabu za kuzimu, mpaka ufike upande wa mashariki penye bahari ya maziwa, ambapo majitu 92 na miungu 88 wanavutana kwa mwili wa joka, wakiisukasuka bahari ili itoe dawa ya kutokufa. Mzunguko huo wa kinyume ni wa taratibu za maziko, na ndiyo moja ya sababu za wataalamu kudhani kwamba mfalme alijijengea hekalu liwe pia kaburi lake.

Handaki linalolizunguka, lenye upana wa mita 190 hivi, halikuwekwa kwa uzuri peke yake. Uzito wote ule, pamoja na mnara wa kati wenye urefu wa mita 65, umeketi juu ya mchanga, na mchanga huo hushikamana kwa sababu una maji, ukikauka hulegea. Mji wa Siem Reap uliokua kwa ajili ya wageni ulichota maji yake mengi chini ya ardhi ile ile, nayo ni hatari iliyowashughulisha wahandisi kwa miaka mingi. Mgeni anayekaa nusu saa chini ya bomba la hoteli amepewa hapa sababu ya kufupisha kuoga kwake.

Ta Prohm, hekalu la mwaka wa 1186 lililokumbatiwa na mizizi, limepigwa picha mno hata sina la kuongeza, isipokuwa uende mapema, kabla ya saa 2 asubuhi, na usome katika kitabu chako cha safari habari za maandishi yaliyokutwa humo yanayotaja hospitali 102 katika ufalme wote. Preah Khan ni pana na lina nafasi ya kutembea peke yako. Kutoka hapo ni karibu kufika Neak Pean, kihekalu kilicho katika dimbwi la mraba, juu ya kisiwa, katikati ya lambo, ambako wagonjwa walikuja kuoga ili wapone. Utakifikia kwa daraja la mbao refu, maji na miti mikavu pande zote.

Siku ya tatu panda kaskazini, kwenye Kbal Spean, ambapo baada ya kukwea njia ya msituni kwa muda wa dakika 45 hivi utafika mtoni, na kitanda cha mto chenyewe kimechongwa: Vishnu amelala juu ya joka, na mamia ya linga, alama za Shiva, zimepangwa chini ya maji, ili mto uteremkapo kwenda mashambani na mjini uwe umekwisha kubarikiwa. Maji yakipungua sana huonekana vizuri, yakizidi hufichika. Desemba ni wastani mwema. Anza na hapo mapema, kwa sababu njia hufungwa alasiri, kisha urudi kwa Banteay Srei, hekalu la mwaka wa 967, la jiwe jekundu lililochongwa kwa undani kama sanduku la njumu, nalo halikujengwa na mfalme bali na Yajnavaraha, mwanachuoni wa barazani. Ni humo alimong'oa sanamu kijana wa Kifaransa, André Malraux, akakamatwa mwaka wa 1923, na baadaye serikali ya Ufaransa ikamfanya waziri wa utamaduni. Wewe usinunue kipande chochote unachoambiwa ni cha kale.

Anayetaka kwenda mbali zaidi, Beng Mealea au Koh Ker yenye piramidi ya madaraja saba, asitoke nje ya njia iliyokanyagwa, kwa kuwa mabomu ya ardhini ya vita vilivyopita hayajaondolewa mahali pote. Preah Vihear liko mpakani mwa Thailand, na mapigano yalizuka huko mwaka wa 2025. Usiende kabla ya kuuliza hali ilivyo.

Na kama una siku ya ziada, ondoka Siem Reap kwa mashua ya kwenda Battambang, inayolikata ziwa na kuingia mto Sangker. Huwa ni safari ya saa saba au nane maji yakiwa mengi, na zaidi yakipungua, hata mwisho wa kiangazi abiria huteremshwa wakamalizia kwa gari. Keti upande wenye kivuli, chukua maji, kofia na chakula, na mizigo yako ifunge katika nailoni kabla ya kuipandisha. Mashua hiyo ndiyo inayobeba barua, mchele na wanafunzi wa vijiji vya njiani, basi ikisimama kila baada ya muda kupakia na kupakua, usimharakishe nahodha.